Usimwite mtoto mzito kabla hujamsikia akisoma kwa lugha yake

Kwa Kiswahili chetu neno "kusoma" linafanya kazi mbili. Muulize mama yeyote hapa Nakivale, "Mtoto wako anasoma?" Atakujibu, "Ndiyo, anasoma, yuko P2." Maana yake mtoto anaenda shule: ana daftari, ana yunifomu, asubuhi anatoka na wenzake. Sasa mpe huyo mtoto ukurasa mmoja umwambie, "Haya, nisomee hapa." Wengi watakutazama tu. Anasoma, lakini kusoma hajui.

Vijana wenzangu, na ninyi wafanyakazi wa mashirika mnaotufuatilia, leo nataka tuongee juu ya hizi kusoma mbili. Ripoti nyingi zinahesabu ile ya kwanza: watoto wangapi wamesajiliwa, wavulana wangapi, wasichana wangapi, madarasa mangapi yamejengwa. Ni hesabu ya maana, siikatai. Lakini ile ya pili, yaani watoto wangapi wanaweza kushika karatasi wakaelewa kilichoandikwa, inaulizwa mara chache. Na mtoto akishindwa, jibu lake tumeshaliweka tayari. Niko mwaka wa tatu sasa najitolea na watoto wa madarasa ya chini, na maneno ninayoyasikia kwa wazazi kuliko yote ni haya: "Mwalimu, huyu mutoto hana kichwa ya masomo. Miaka mbili anasoma, hata jina yake hawezi andika."

Mimi sikubaliani na maneno hayo. Watoto wetu wana vichwa vizuri tu. Mtoto anayeongea Kiswahili nyumbani, akifundishwa kusoma kwa Kiswahili, akapata kitabu na mtu wa kumsikiliza, anaweza kusoma hadithi fupi ndani ya mwaka wake wa kwanza wa shule. Sisi tunamwanzisha kwa lugha ambayo haisikii, halafu tunashangaa anachelewa.

Hebu tulitazame jambo lenyewe polepole.

Herufi moja, majina matatu

Chukua mtoto wa miaka minane aliyetoka Kivu. Kule alisoma mwaka mmoja, labda na nusu, kabla ya vita kufika kijijini kwao. Herufi alifundishwa kwa Kifaransa: a, be, se, de, e. Anaingia darasani huku Uganda, mwalimu anaonyesha A anasema "ei". Anaonyesha E anasema "ii". Anaonyesha I anasema "ai". Mtoto alishajua kwamba "i" ni kale kamstari kenye nukta juu. Leo anaambiwa "ii" ni herufi nyingine kabisa.

Mbaya zaidi ni G na J. Kwa Kifaransa J inaitwa "ji". Kwa Kiingereza "ji" ndiyo jina la G. Mwalimu akisema, "Andikeni ji," mtoto wa Kongo anaandika J, anawekewa alama ya kosa, na hakuna anayemweleza sababu. Yeye amejibu sawasawa, ila kwa lugha nyingine. Hiyo ikimpata mara kumi kwa wiki moja, atajifunza kitu kimoja tu: nyamaza, usijibu. Ukimkuta baadaye amekaa kimya nyuma ya darasa, utasema huyu ni mzito.

Na hapo tumegusa herufi tu. Nyumbani mtoto huyo anaongea Kiswahili, na bibi yake anamsemesha Kibembe au Kifuliiru. Kwenye bomba la maji anacheza na watoto wa Kirundi na Kisomali. Sokoni anasikia Kinyankole. Kiingereza anakikuta darasani peke yake, kwa mwalimu mmoja mwenye watoto mia na zaidi.

Tusiwalaumu walimu. Wengi wanafanya kazi ambayo mimi na wewe tungeikimbia kwa wiki moja. Jambo liko kwenye mpango. Tangu 2007 mtaala wa Uganda unasema mtoto wa P1 mpaka P3 afundishwe kwa lugha ya eneo lake, na Kiingereza awe nacho kama somo, kisha P4 aanze kuhamia Kiingereza. Wazo lenyewe si la jana: UNESCO ilishaandika mwaka 1953 kwamba lugha nzuri ya kumwanzishia mtoto shule ni ile ya kwao. Hapa wilaya ya Isingiro lugha ya eneo ni Kinyankole. Pale ambapo lugha ni nyingi mno, shule inaruhusiwa kuanza na Kiingereza. Sasa kwetu makambini lugha ni nyingi kuliko mahali pengi. Kwa hiyo utaratibu mzuri ambao nchi imejiwekea kwa watoto wake unawapita watoto wetu pembeni. Hakuna aliyekaa akapanga kuwaonea. Lakini matokeo wanayabeba wao.

Kwa nini Kiswahili kinasomeka haraka

Kiswahili kina irabu tano, a e i o u, na kila moja ina sauti yake isiyobadilika. Mpe mtoto hizo tano, umwongezee m, t na k. Jumla ni herufi nane. Kwa herufi nane hizo anaweza kusoma "mama", "kuku", "kiti", "moto", "mtoto". Anaweza kusoma hata sentensi nzima: "Mama, kata mkate mtamu." Herufi nane, na mtoto tayari ana kitu cha kusema nyumbani jioni.

Na angalia kinachotokea usoni kwake. Anasoma ku, anasoma ku, anaunganisha: kuku! Anacheka, sababu kuku anamjua, wako hapo nje wanaparua. Neno lenyewe ndilo limemwambia kwamba amesoma vizuri. Akikosea akasoma "kiku", yeye mwenyewe anasikia kwamba hakuna kitu kinaitwa hivyo, anarudi nyuma kurekebisha. Hapo amepata mwalimu wa pili, na huyo mwalimu yuko kichwani mwake.

Sasa mpeleke kwenye Kiingereza. Herufi a kwenye "cat" ina sauti moja, kwenye "cake" nyingine, kwenye "car" nyingine, kwenye "ball" nyingine tena. Neno "one" ukilisoma kama lilivyoandikwa hupati kitu. Mtoto wa Kiingereza anavumilia hayo kwa sababu neno alishalijua mdomoni miaka mingi, na maandishi yanamkumbusha tu. Mtoto wetu hana neno mdomoni. Hata akijitahidi akatoa sauti zote sawasawa, hakuna picha inayokuja. Hajui kama amepata au amekosa mpaka amtazame mwalimu usoni.

Kifaransa nacho kina mitego yake. Herufi tatu, e-a-u, zinatoa sauti moja "o". Neno "beaucoup" lina p ambayo haisikiki. Ndugu zetu wa Nyarugusu ambao watoto wao wanafuata mtaala wa Kongo wanalijua hilo.

Sitaki kudanganya kwamba Kiswahili ni maji ya kunywa. Kuna mahali watoto wanakwama. Wanachanganya ng ya "ngoma" na ng' ya "ng'ombe". Mb, nd, nj, ngw na mw zinawasumbua. Halafu maneno yetu ni marefu: "hawajakuja", "tulipowapelekea". Mtoto anaenda silabi kwa silabi kama mtu anayevuka mto juu ya mawe. Akienda polepole mno, akifika mwisho wa sentensi amesahau mwanzo wake. Kwa hiyo kujua silabi ni nusu ya safari. Nusu nyingine ni kurudia kila siku mpaka macho yazoee. Lakini mto huu una mawe ya kukanyaga, na mtoto anaweza kuanza kuvuka mwaka huu huu.

Ushahidi kutoka mbali

Kuna utafiti mmoja ambao napenda kuwaambia wazazi. Mwaka 2003 watafiti wakiongozwa na Philip Seymour wa Chuo Kikuu cha Dundee, Scotland, walichapisha matokeo ya kupima watoto wanaoanza kusoma kwa Kiingereza na lugha nyingine 12 za Ulaya. Kwenye Kifini, ambacho kama Kiswahili kinaandikwa karibu kama kinavyotamkwa, watoto waliomaliza mwaka wa kwanza walisoma sawasawa maneno 98 kati ya 100. Kwenye Kifaransa ilikuwa 79. Watoto wa Scotland, wanaosoma kwa Kiingereza, walipata 34. Mwaka wa pili Waskoti hao walikuwa wamefika 76.

Watoto wa Scotland hawana vichwa vizito. Wanaongea Kiingereza tangu kuzaliwa, wanakula vizuri, vitabu wanavyo, na bado maandishi ya Kiingereza yaliwachukua zaidi ya miaka miwili. Ni kweli walikuwa wadogo kidogo, wanaanza wakiwa na miaka mitano, na Wafini wanaanza na saba. Lakini watafiti waliona umri hautoshi kueleza tofauti yote. Maandishi yenyewe yana sehemu kubwa. Sasa nikuulize: kama mtoto anayeota ndoto kwa Kiingereza anahitaji miaka miwili na kitu, mtoto wa Nakivale anayekutana nacho darasani tu, bila kitabu nyumbani, kwa nini tumhukumu mwisho wa P1?

Na hao Wafini wanatufundisha jambo jingine. Wanaanza shule na miaka saba na wanasoma vizuri sana. Mzazi ambaye mtoto wake alipoteza mwaka porini au njiani asikate tamaa. Aliyechelewa kuanza anaweza kufika, ili mradi akianza apewe kitu anachokielewa.

Kuimba siyo kusoma

Pita karibu na darasa lolote la watoto wadogo utasikia kelele tamu. Mwalimu anagonga ubao kwa fimbo, watoto mia wanaitikia kwa sauti moja. Mgeni akija anafurahi, anapiga picha, anaandika kwamba watoto wanasoma. Lakini wengi wao wameshika wimbo. Funika mstari wa kwanza, gusa neno la katikati, umwite mtoto mmoja peke yake. Kimya.

Ni kama zile herufi za kwenye turubai. Mtoto wa miaka minne hapa kambini ukimwonyesha maandishi ya bluu juu ya nyumba atakwambia "UNHCR". Utasema, ah, huyu anajua kusoma! Andika herufi hizo hizo chini kwa mchanga, uzipange upya, umwulize tena. Hajui. Anachojua ni picha ya lile turubai.

Mwenye haki ya kuitwa msomaji ni yule anayeweza kusoma neno ambalo hajawahi kuliona. Ndiyo maana mimi nikipima watoto huwa naandika maneno yasiyo na maana, kama "tameku" au "bosipa". Watoto wanacheka, lakini anayeyasoma amenionyesha kwamba mlango umefunguka. Hilo linawezekana kwa Kiswahili mapema sana.

Wakubwa ndani ya darasa la wadogo

Hapa ndipo panaponiuma zaidi. Mtoto wa miaka kumi na mbili alikuwa darasa la nne Kongo. Anafika huku, anapimwa kwa Kiingereza, anapata sifuri, anawekwa P1 au P2. Hakuna aliyempa karatasi ya Kiswahili, wala ya Kifaransa. Pengine angesoma ukurasa mzima bila kukwama. Kusoma anajua. Anachokosa ni maneno ya Kiingereza, na hiyo ni kazi nyingine kabisa, inayotaka dawa nyingine.

Badala yake anakaa na watoto wa miaka sita, magoti yamegonga benchi, wanaimba a, e, i, o, u. Wenzake wanamwita mzee. Mwaka unaisha. Wa pili unaanza. Baba anahesabu pesa ya yunifomu, ya mtihani, ya uji wa shule, anaona haoni faida. Mvulana anaenda kulima kwa watu au kubeba mizigo sokoni. Msichana anabaki nyumbani kumshika mdogo wake, na baada ya muda unasikia amepelekwa kwa mume. Kwenye karatasi ataandikwa "ameacha shule". Ukifuatilia vizuri utaona alianza kuachwa siku ile alipopimwa kwa lugha asiyoijua.

Mnayonijibu

Najua mtakayosema, sababu nimeyasikia kwenye mikutano.

Wazazi wanasema: "Sisi tunataka Kiingereza. Ndiyo lugha ya kazi, ndiyo ya kwenda Kanada." Nawaelewa. Hata mtihani wa P7 ni kwa Kiingereza, na mtoto asiyekijua hapiti. Lakini siri ya kusoma mtoto anaipata mara moja tu maishani. Akishaelewa kwamba alama hizi ni sauti, na sauti zikiungana ni neno, na neno lina maana, jambo hilo anahama nalo kwenda lugha yoyote. Wakati anajifunza hiyo siri kwa Kiswahili, Kiingereza aendelee kukisikia kila siku kwa mdomo: nyimbo, majina ya vitu, "fungua mlango", "kaa chini", hadithi za picha. Baada ya hapo ukimpa maandishi ya Kiingereza utakuwa unampa kitu kimoja kipya, na zamani ulikuwa unampa viwili kwa mpigo.

Wengine wanasema: "Siyo wote wanaongea Kiswahili." Kweli kabisa. Mtoto wa Kisomali au wa Kirundi hawezi kubebeshwa Kiswahili eti kwa sababu mimi nakipenda. Nikifanya hivyo nitakuwa namfanyia yale yale ninayoyalalamikia. Lakini Kirundi, Kinyarwanda na Kisomali navyo vinaandikwa kwa kufuata sauti vizuri. Kisomali kilipewa maandishi yake rasmi ya herufi za kilatini mwaka 1972, yakapangwa kwa kufuata sauti zake. Na kila jamii hapa ina vijana waliomaliza sekondari wamekaa bila kazi. Kila kikundi kianze kwa lugha yake.

Wa tatu wanasema: "Mbona Tanzania wanafundisha Kiswahili tupu shule ya msingi na bado kuna watoto hawajui kusoma?" Hili ni swali zuri na nisingependa kulikimbia. Uwezo, wale wanaopima watoto nyumba kwa nyumba Kenya, Uganda na Tanzania, wamekuta mara nyingi kwamba watoto wengi wa darasa la tatu hawawezi hadithi ya darasa la pili. Lakini wanapowapima watoto wale wale wa Tanzania kwa lugha zote mbili, Kiswahili kinaacha Kiingereza mbali sana. Maana yake lugha inafungua mlango, lakini mtoto bado anahitaji kitabu, mwalimu na muda ili aingie.

Kenya waliliona hilo. Mpango wao wa Tusome, ulioanza 2015, uliweka kitabu mkononi mwa kila mtoto, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, na watu wa kuwatembelea walimu darasani na kuwasaidia. India, shirika la Pratham lilianza kupanga watoto kwa kile wanachojua badala ya umri wao au darasa lao: wasiojua herufi pamoja, wanaosoma maneno pamoja, wanaosoma hadithi pamoja, saa moja au mbili kwa siku. Hakuna hata kimoja hapo kinachodai jengo la ghorofa.

Tunachoweza kuanza nacho

Kwanza, tuwasikilize. Kila kijana anayejitolea aandae karatasi moja yenye sehemu nne: herufi, silabi, maneno, na hadithi ya mistari mitano. Iwe kwa lugha ya mtoto. Mwite mtoto mmoja mmoja, mbali na kelele za wenzake, dakika tatu au nne zinatosha. Usimcheke, usimsahihishe. Andika amefika wapi. Mwisho wa muhula rudia. Ukifanya hivyo kwa watoto thelathini utajua mambo ambayo ripoti nyingi hazijui.

Pili, tupange vikundi vidogo kwa ngazi. Jumamosi, au jioni baada ya shule, watoto kumi na tano chini ya mti. Mtoto wa miaka kumi asione aibu kukaa na wa miaka saba, sababu wote wako kwenye silabi na wote watahama pamoja kwenda maneno. Wengine watahama haraka, hasa wale wakubwa, na utawaona wanavyonyoosha shingo siku hiyo.

Tatu, tuandike vitabu wenyewe. Karatasi moja ya A4 ukiikunja vizuri na kuikata katikati inatoa kijitabu cha kurasa nane. Andika sentensi moja kila ukurasa, mtoto mwenyewe achore picha. Habari za mbuzi aliyekula tiketi ya chakula, za foleni ya maji, za mvua iliyoezua choo. Hadithi za theluji wataletewa na wengine.

Nne, wazazi. Nimekutana na akina mama wengi wanaosema hawawezi kusaidia sababu wao wenyewe hawakusoma. Mama, unaweza. Mwambie mtoto akusomee Kiswahili jioni ukiwa unapika. Kama anabahatisha utamjua hapo hapo, maana lugha ni yako. Maneno hayatakaa sawa masikioni mwako. Kwa Kiingereza anaweza kukuimbia chochote na wewe ukapiga makofi. Kwa Kiswahili hawezi kukudanganya.

Na ninyi wa mashirika, naomba vitu viwili tu. Kwenye fomu zenu ongezeni safu moja: watoto wangapi wanaweza kusoma hadithi fupi kwa lugha wanayoielewa. Safu hiyo ikiwepo, watu wataanza kuitafutia majibu. La pili, mnapopima mtoto mgeni ili apangiwe darasa, mpimeni kwanza kwa lugha yake na kwa lugha aliyosomea, halafu ndiyo Kiingereza. Tuko vijana wengi tunaoweza kukaa kando ya mwalimu kwenye P1 na P2, tukamtafsiria, tukamsikiliza mtoto wa nyuma. Msituite kwenye semina tu. Tupeni hiyo kazi.

Msiseme sheria hairuhusu Kiswahili. Julai 2022 baraza la mawaziri la Uganda lilikubali Kiswahili kiwe somo la lazima shule za msingi na sekondari. Nchi inatafuta walimu wa Kiswahili, na sisi makambini tumejaa watu wanaokiongea kutoka tumboni mwa mama zao. Kwa mara ya kwanza tuna kitu ambacho majirani wetu wanakihitaji. Tungeweza kuwa walimu wa watoto wetu na wa watoto wa wenyeji pia.

Jumamosi hii, wewe uliyeko Nakivale, Kyaka, Kakuma, Nyarugusu au Dzaleka, tafuta mtoto mmoja ambaye watu wamesema hana kichwa. Kaa naye chini. Mpe herufi tano za irabu, na m, na t, na k. Msikilize mpaka afike kwenye ule mkate.